Maswali Sita ya Dereva

Mtaa mzima wa Mji Mpya ulimwita Dereva, na mimi nikamwita hivyo kwa miaka saba bila kumuuliza leseni.

Alizaliwa wapi, ni mtu wa wapi, alifika Morogoro kwa njia ipi, hayo waulizwe wanaoandika vitambulisho. Mimi namjua kuanzia mlangoni kwangu kuja ndani. Ni mrefu, mkavu, na ana kofia ya kitambaa iliyokuwa nyeusi zamani, kisha ikaamua yenyewe kuwa kijani. Alikuwa anafika saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Nikimwambia, "Shikamoo mzee," anaitika, "Marahaba," halafu anainua macho kwenye saa ya ukutani. Haangalii ni saa ngapi, anaikagua. Saa yangu iko mbele kwa dakika tatu, na kwa miaka saba hakunisamehe.

"Dakika tatu," alikuwa akisema, "ni treni mbili kwenye reli moja."

Nina viti viwili vya wageni. Vilikuwa viwili jana na ni viwili leo. Cha dirishani kina mto, kina upepo, na ukikaa hapo unaiona milima ya Uluguru yote siku ambayo haijajifunika mawingu. Cha ukutani kina msumari uliotokeza. Dereva alikaa cha ukutani. Hata chumba kikiwa kitupu, alipita mbele ya kile kizuri akaenda kwenye msumari. Nilidhani ni unyenyekevu. Nilikosea, na sina pa kujificha, maana naishi kwa kuangalia kitu mara mbili.

Nijieleze kidogo, kwa sababu bila mimi habari zake haziungi. Natengeneza kompyuta, napiga picha za pasipoti, na nachapa barua za kuomba kazi. Kabla ya hapo niliuza karoti na njegere za Uluguru sokoni, na shule yangu ya kweli ilikuwa pale: fungu la mwenzako lihesabu, na la kwako lihesabu tena. Pembeni ya hayo yote natengeneza vichwa vya treni. Si vya chuma. Upo mchezo wa kompyuta ambao mtu anakaa sebuleni kwake anaendesha treni, na wachezaji huko mtandaoni wanapeana vichwa walivyovitengeneza wenyewe. Mteja mmoja aliniletea kompyuta mbovu yenye mchezo huo ndani. Nikauwasha nione kama mashine imepona. Mashine ikapona, nikaugua mimi.

Dereva aliingia mara ya kwanza kupiga picha ya pasipoti. Kwenye skrini nilikuwa na kichwa cha mvuke kinafuka moshi mweusi, najisifu moyoni jinsi kilivyopendeza. Akasimama nyuma yangu, kofia mkononi.

"Huyo anaungua," alisema.

"Nani, mzee?"

"Huyo kwenye televisheni yako. Moshi mweusi hivyo ni mafuta yanapotea bure. Mwambie apunguze."

Nikapunguza. Moshi ukawa wa kijivu, na mshale wa mvuke, uliokuwa umelala wiki nzima, ukaanza kupanda. Nikageuka kumtazama. Alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha ukutani, juu ya msumari, kama mtu aliyefika kazini.

Msidhani alikuwa mtu wa kupenda moshi. Hapo ndipo utata wake unapoanzia. Mtu aliyekula moshi ujana wake wote alikuwa hataki kusikia habari ya mkaa. Nyumbani kwake alipikia gesi, na jirani akiwasha jiko la mkaa upande wa upepo, anafunga madirisha yote na kutoka nje kulalamika. Nilimuuliza inakuwaje.

"Moshi wa jiko hauvuti kitu," alinijibu. "Ule ulikuwa unavuta mabehewa."

Ndivyo ilivyokuwa kwa treni mpya ya umeme pia. Mbele ya watu aliisema vibaya: haina harufu, haina jasho, inaingia stesheni kama mtu aliyevua viatu. Lakini kila alipokwenda Dar kwenye kliniki ya macho alipanda hiyohiyo, akachagua kiti mapema, na akarudi amependeza kama bwana harusi.

"Safari ilikuwaje, mzee?"

"Sijui. Nililala."

"Umelala kwenye treni uliyosema haina maana?"

"Treni yenye maana hailaliki, mwanangu."

Mwanangu lilikuwa jina langu la siku za kawaida. Nikimuudhi naitwa Mama Mara Mbili, kwa sababu ya hii tabia ya kuhesabu. Jina likatoka nje na upepo, na leo wako wateja wanaodhani nimelipata kwa kuzaa mapacha.

Sasa tuje kwenye lililotuunganisha hasa. Kichwa cha mvuke kwenye mchezo ule ni mateso. Cha dizeli unawasha, unaondoka. Cha mvuke, kama unataka kukirekebisha kiwe cha kwako, unafungua ukurasa wenye vipengele vya kujaza, na vipengele vyenyewe havina huruma. Siku moja nilikuwa nakazana navyo, nikimnung'unikia.

"Viko vingapi?" aliuliza.

"Sitini na vinne. Nimehesabu mara mbili."

"Vya nini vyote hivyo?"

"Upana wa boila. Idadi ya mabomba ndani ya boila. Urefu wa kila bomba. Kipenyo cha gurudumu. Joto la maji unapoanza..."

"Huyo anayecheza, anajua boila ina mabomba mangapi?"

"Hajui."

"Sasa anajaza nini?"

"Anabahatisha. Kichwa kinakataa kutoka stesheni, anakifuta, anarudi kwenye dizeli."

Dizeli kwake lilikuwa neno la kusemewa nje ya nyumba.

"Weka vinne," alisema.

"Vinne?" Nilicheka. "Mzee, kutoka sitini na vinne? Hiyo si bei ya mtu anayetaka kununua. Nakupa hamsini."

"Vinne."

"Arobaini, na hapo nimeumia."

"Vinne. Moto, maji, mvuke, breki."

"Na mvua ikinyesha magurudumu yakateleza? Thelathini, mzee wangu. Tuonane katikati."

"Hapo umesema kweli, kuna kuteleza. Vitano."

"Ishirini."

Akainuka. Najua mtu anayeinuka kwa kweli na anayeinuka ili aitwe, maana nimeinuka hivyo miaka mingi mbele ya magunia ya watu. Yule aliinuka kwa kweli. Nikamwita.

"Basi kaa. Kwa nini unang'ang'ania vitano?"

Akarudi kwenye msumari wake, na hapo ndipo aliponieleza habari ya makabidhiano. Zamani kwenye karakana, alisema, ulikuwa unapangiwa kichwa usichokijua. Kila kimoja na tabia zake, hata vikiwa vimetoka kiwanda kimoja, siku moja. Kitabu hakuna, na kama kipo kimefungiwa kwa mkubwa. Waliokuwa nacho ndio kwanza wanashuka, wamechoka, wanataka kwenda kulala. Una muda wa wao kunawa mikono tu. Kwa hiyo huulizi mabomba mangapi. Unauliza machache, ukijibiwa unapanda, na unafika Dodoma.

"Mnauliza nini?"

Akanyoosha vidole. Vilikuwa vinatetemeka kidogo, na nilijifanya sioni.

"Kinakula nini, kwa haraka gani. Kinakunywa vipi. Kinavuta vizuri wapi, mlimani au tambarare. Kinateleza lini. Kikitaka kusimama kinataka umbali gani." Akafikia kidole cha sita, cha mkono wa pili. "Na kama kioo chake cha maji kinasema kweli."

"Hayo ni sita. Ulisema matano."

"La sita ni nyongeza. Wewe si ulikuwa muuza karoti?"

Nilifanya kazi ile miezi minne. Sitini na vinne nikavificha nyuma ya yale maswali. Mchezaji akijibu kwamba kichwa chake kinakula mafuta mazito, kompyuta yenyewe inajaza vipengele kumi na kimoja bila kumsumbua. Akisema kinavuta vizuri mlimani, vinajazwa kumi na vinne. Dereva alikaa pembeni akisahihisha. Aliponiambia niweke kwamba mtu akiwa njiani anaweza kutupa koleo la mchanga ndani ya tanuru, nilidhani ananitania, kwa sababu nani anatupa mchanga motoni? Akanieleza taratibu: moto wa mafuta unaacha masizi ndani ya mabomba, mvuke unavuta ule mchanga kwa nguvu, mchanga unasugua mabomba, na nje bomba la moshi linatema weusi wote mara moja. Ukifanya hivyo stesheni mbele ya watu waliovaa nguo za Jumapili, utatukanwa kwa lugha tano.

"Ulishafanya?"

"Stesheni ya Kimamba," alisema. "Kulikuwa na harusi."

Kosa lilifanywa na mimi. Nilipomaliza nikahesabu kazi yangu, na hesabu ikaniambia kwamba swali la sita halina kazi. Habari za kioo cha maji, kile kibomba cha kioo kinachoonyesha maji yamebaki kiasi gani ndani ya boila, zinaingia vizuri tu kwenye swali la pili, la kunywa. Nikayaunganisha. Kichwa chenye maswali matano kilionekana chepesi zaidi, na mimi mtu akinipa nyongeza huwa naikagua kama imeoza. Nikakituma mtandaoni kwa wachezaji bila kumwambia.

Siku mbili baadaye ujumbe ulianza kumiminika. Boila zinapasuka. Nikazihesabu: ishirini na tatu, na zote zimepasukia mahali pamoja, juu ya kilima kimoja baada ya Kilosa, treni inapomaliza kupanda na kuanza kushuka. Nikazihesabu tena nikitumaini zitapungua.

Dereva akaingia saa nne kasoro dakika kumi. Nikamsomea.

"Uliuliza la sita?"

"Nililiunganisha na la pili."

"Basi umeua watu ishirini na tatu."

"Ni mchezo, mzee."

"Ndiyo maana sijavua kofia."

Akachukua kikombe cha chai yangu, akakiinamisha kidogo kuelekea kwangu. "Tazama. Upande wako chai imejaa. Upande wangu kikombe kikavu. Chai imeongezeka?"

"Hapana."

"Kichwa kikipanda mlima, maji yote yanakimbilia nyuma, na kioo kiko nyuma. Unaona yamejaa, unafurahi, huongezi. Unafika kileleni, kinainama mbele, maji yanakimbilia mbele, na tanuru linabaki kavu, moto uko chini yake." Akakiinamisha upande mwingine haraka, chai ikamwagikia kibodi yangu. "Bum. Kioo hakina nia mbaya, lakini mlimani kinadanganya. Mtu wa moto lazima ajue kinadanganya kwa kiasi gani, na vichwa havidanganyi sawasawa. Ndiyo maana tulikuwa tunauliza."

Nilirudisha swali la sita na vipengele vyake tisa siku ileile. Boila zikaacha kupasuka. Kibodi haikupona.

Nilipokuwa natafuta kibodi nyingine ndipo nilipogundua jambo nililopaswa kulijua tangu mwaka wa kwanza. Katika hadithi zake zote alikuwa anashika moto, anashika maji, anatupa mchanga. Kila hadithi ilikuwa na mtu mwingine anaitwa "dereva wangu": dereva wangu alikuwa mkali, dereva wangu hakupenda kuongea. Nikarudi nazo zote kichwani, moja moja. Hakuna hata moja ambayo yeye ameshika wenzo wa mvuke.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapigia upande wa ukuta, na kuta zangu zina ukarimu. Maji yalimdondokea begani.

"Hamia kiti cha dirishani, mzee. Unaloa."

"Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Tupo wawili."

Akavua kofia. Sikuwahi kumwona amevua kofia tangu ile picha ya pasipoti.

"Hicho ni kiti cha dereva," alisema. "Mimi nilikuwa mtu wa moto. Yule wa upande wa pili."

Alinieleza kwa kifupi, kama anasoma tangazo. Alilisha moto miaka tisa. Akaitwa kwenye mtihani wa udereva: sehemu ya kwanza akapita, ya pili akapita. Ya tatu ilikuwa ya njiani, kupandisha treni kutoka Kilosa bila maji kukatika na bila kusimama, yeye akiwa kwenye kiti cha dereva. Wiki ile vichwa vya dizeli vikaletwa, na mtihani wa mvuke ukafutwa. Akahamishiwa stoo ya karakana, akagawa spana hadi alipostaafu. Jina la Dereva alipewa na watoto wa mtaa kwa ajili ya kofia. Siku ya kwanza aliona soni kuwakatalia watoto. Siku ya pili ilikuwa imeshachelewa.

"Miaka arobaini naitwa Dereva," alisema, "sijaendesha hata mita moja."

Na bila kubadili sauti akaniambia la pili: binti yake, ambaye anafanya biashara ya mahindi na karanga Gairo, anakuja kumchukua Jumatano ya wiki ijayo akakae naye. Macho yake hayamtoshi tena kuishi peke yake. Ule ukungu wa jicho la kulia umeingia na la kushoto.

"Gairo ni pazuri," nilisema. "Pana baridi nzuri, watu wakarimu."

"Pazuri," alikubali. "Hapana reli."

Mtu mwingine angelia. Mimi nilihesabu siku. Zilikuwa nane. Nikahesabu tena zikawa nane.

Tatizo lilikuwa hili: mchezo unaendeshwa kwa herufi ndogo za kibodi, na yeye herufi hazioni na vidole vinatetemeka. Kwa hiyo nikaanza kupunguza upya, safari hii si kwa ajili ya watu wa mtandaoni. Nilifuta kila kitufe ambacho mtu anaweza kuishi bila hicho. Vikabaki sita, na juu ya kila kimoja nikagandisha kitu cha kupapasa: kizibo cha soda kwa mvuke, vizibo viwili vilivyobebana kwa breki, kifungo cha koti kwa mchanga wa kumwagwa relini magurudumu yakiteleza, punje ya karanga kwa mwelekeo wa mbele na nyuma. Moto na maji nikaviweka kwenye kibodi ya pili, upande wa ukutani. Namba za skrini nikazikuza kama za basi.

Jumanne asubuhi alifika saa nne kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimerudisha saa nyuma dakika tatu. Aliitazama, akanitazama mimi. Akapita kwenda kwenye msumari.

Akanikuta nimeshaketi juu yake.

"Hapo pana mwenyewe," nilimwambia.

Alisimama kwa muda ambao sikuuhesabu, na ni nadra. Kisha akakaa dirishani, akapapasa vizibo kimoja kimoja, akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mtu aliye kazini:

"Kinakula nini?"

"Mafuta mazito. Kwa pupa."

"Kinakunywa vipi?"

"Kidogo kidogo, mara nyingi."

Aliuliza yote, nami nikajibu yote. La sita nilimjibu: "Kinadanganya robo." Akaitikia kwa kichwa, akapiga honi kwa mdomo, tukatoka Kilosa na mabehewa kumi na mawili.

Sitaki kudanganya kwamba alijua kuendesha. Alijua zaidi ya mtu anayejua, na hilo lilikuwa shida. Mkono wake ulikuwa unarudi kwangu. Kila baada ya dakika mbili anaupeleka kwenye maji, kazi ya miaka tisa, na mimi naupiga.

"Mzee, huo ni upande wangu."

"Samahani."

"Angalia reli."

"Naangalia. Moto umepungua."

"Moto ni wangu pia!"

"Basi ushike, mbona unafuka kama jiko la jirani?"

Mlima ulipoanza, mvua ikaanza nayo. Mimi ndiye niliyeiweka mvua hiyo mle ndani miezi kadhaa nyuma kwa ajili ya mapambo, na siku ile niliilaani. Magurudumu yakateleza. Mwendo ukashuka, kumi na tano, kumi na mbili, tisa. Kidole chake kikatafuta kifungo cha koti, kikakikosa, kikagusa karanga.

"Si hiyo!"

"Najua."

Saba. Kikapata kifungo. Mchanga ukamwagika, magurudumu yakashika, na kichwa kikaguna kama mama anayeinuka na gunia. Tukaanza kupanda tena. Kilele kilikuwa mbele. Jasho linanitoka.

"Maji?" aliuliza.

"Robo tatu."

Hapo ndipo mtihani wenyewe ulipokuwa. Alikuwa na haki ya kunyoosha mkono ahakikishe. Mimi nimeua watu ishirini na tatu kwa kioo hichohicho, na yeye analijua hilo. Nikaona mkono wake umeinuka kutoka kwenye kizibo. Ukabaki hewani. Kisha ukarudi.

"Toa uongo wake," alisema.

"Nusu."

"Tia maji sasa, kabla ya kilele. Mimi napunguza mvuke."

Nikatia. Akapunguza. Kichwa kikavuka, kikainama, na maji kwenye kioo yakaporomoka, yakaporomoka, yakasimama juu ya mstari, upana wa kidole kimoja. Hakikupasuka kitu. Nyuma yetu behewa baada ya behewa likafuata.

Hakushangilia. Alisimamisha treni stesheni, akafunga breki, akatazama Uluguru dirishani, ingawa nadhani kwa macho yale aliona weupe tu. Kisha akachukua kikombe chake cha chai, akanywa mpaka nusu, na kilichobaki akakisukuma mezani kikanifikia. Akanieleza kwamba dereva wake, yule asiyependa kuongea, hakuwahi kumwambia ahsante. Siku maji yalipokaa sawa alimwachia nusu ya chai. Siku yalipokaa vibaya aliimwaga nje ya dirisha, wewe ukitazama.

Niliinywa. Ilikuwa imepoa na ina sukari ya kutosha kujenga nyumba.

Jumatano binti alikuja na gari dogo la mizigo. Ni mwanamke wa maneno machache, kilemba kimefungwa vizuri, mikono ya mtu anayebeba magunia yake mwenyewe. Dereva alikuwa ameshaketi mbele, kofia kichwani, anakagua saa ya dereva wa gari. Binti akanivuta pembeni.

"Dada, nisaidie. Mimi na baba hatujakaa nyumba moja tangu nimalize darasa la saba. Ninyi mmeshinda naye kila siku. Nimchukulieje?"

Nilimwona amesimama pale kama mtu aliyepangiwa kichwa asichokijua, na muda wa kunawa mikono tu.

"Kula, anakula dona," nilimwambia. "Sembe atakuambia tamu na ataiacha. Chai ya rangi. Atakuambia sukari hataki, weka vijiko viwili na usimwonyeshe. Nguvu zake ni za asubuhi, kazi mpe asubuhi, jioni anakuwa mbishi. Ngazi zikiloa anateleza, na hataki kushikwa, kwa hiyo tangulia wewe kama huna habari naye. Akianza hadithi hasimami hapo kwa hapo, mpe nafasi ya stesheni tatu."

"Na afya yake?"

"Ukimuuliza atasema mzima kama chuma. Usikubali. Akiwa anapanda mlima anaonekana amejaa. Toa robo."

Alikuwa ananisikiliza kama anayeandika. Kisha akatazama gari, akapunguza sauti.

"Na hili jina. Kule kwetu watamuuliza aliendesha nini. Mama alinieleza zamani kwamba baba hakuwahi... wewe unajua."

"Mwiteni Dereva."

"Lakini alikuwa mtu wa moto, dada."

"Mtu wa moto nilikuwa mimi," nilisema. "Alipanda kutoka Kilosa kwenye mvua na mabehewa kumi na mawili, na yakafika kumi na mawili. Nilihesabu mara mbili."